Tulivyoipeleka Kamera ya Babu Butiama

Sababu ya safari hii ni Bibi Wakuru wa Butiama, dada mkubwa wa babu yangu, kugoma kuzikwa na picha ya kitambulisho. Mnazijua zile. Mtu amekuwa mcheshi maisha yake yote, siku ya msiba wanakuza picha ya kitambulisho, wanaisimamisha juu ya jeneza, anaonekana kama amekamatwa na kuku wa jirani. Bibi Wakuru alimzika rafiki yake hivyo, akarudi nyumbani, akampigia babu simu.

"Magesa, njoo unipige na ile ya mbao. Mara moja tu. Ikiharibika, nizikeni bila sura."

Ile ya mbao ni kamera ya studio ya babu, kubwa kama kabati la vyombo, ina miguu mitatu na lenzi ya shaba nzito kama jiwe la kusagia. Na ile "mara moja tu" ina historia yake. Babu alipoanza kazi akiwa kijana, mtu wa kwanza kumpiga picha alikuwa huyu dada yake, na akamkata kichwa. Ilitoka picha nzuri kabisa ya gauni na viatu. Tangu siku hiyo, ukiacha ile ya kitambulisho aliyolazimishwa, Bibi hajakubali kamera yoyote, hata ya simu. Anasemaga simu inapiga mpaka ugali, haina heshima.

Musoma, mtaa wa Iringo. Likizo yangu ya kidato cha tatu iliishia studio kwa babu, ambako siku hizi kuna wateja wawili: vumbi na mimi. Tuliifufua kamera pamoja. Koromeo lake, lile la kukunjika kama kodiani, mende walikuwa wamelitoboa. Tukaliziba kwa bitana ya koti la harusi la babu. Mbao tukazipiga msasa laini na vanishi. Lenzi babu aliifungua mwenyewe. Ndani vioo vilikuwa vimeota ukungu wenye matawi kama utando wa buibui. Akavifuta kwa spiriti na pamba, taratibu, kutoka katikati kwenda nje, akimkemea kila aliyepumua karibu. Vikatoka safi kama maji ya ziwa kabla ng'ombe hawajafika. Akavirudisha, akakaza pete ya shaba, akajaribu.

Picha zikatoka kama tumepigiwa ndani ya uji. Pua ipo, masikio hayajulikani yalipo. Babu akajaribu tena na tena, hasira zikimpanda, mpaka karatasi za picha alizoagiza Nairobi zikabaki mbili. Kamera hii haitumii filamu. Karatasi ya kwanza inatoa sura iliyogeuka, cheupe cheusi na cheusi cheupe. Halafu unaipiga picha hiyo sura kwa karatasi ya pili, ndipo mtu anarudishiwa rangi yake. Kwa hiyo tulibaki na uwezo wa kumpiga mtu mmoja, bila kukosea.

Baba yangu aliziangalia zile picha za uji akasema, "Nzuri, baba." Angesema nini? Kwetu mtu na baba yake wana adabu kama wako kanisani. Mjukuu ndiye mwenye ruhusa. Babu ananiita mke wangu, mimi namwita mume, na tunatukanana tangu nijue kuongea.

"Mume wangu," nikamwambia, "hizi ni picha au utabiri wa mvua?"

"Kioo kimezeeka," babu akasema. "Mafuru wa Bunda ana lenzi pacha ya hii. Tutaazima, tupite Butiama tumpige dada."

Nilifurahi kupita kiasi. Kukaa sehemu moja kunaniwashaga miguu.

Stendi ya Bweri, asubuhi. Babu alikataa kamera iwekwe kwenye buti la basi, akaikatia tiketi, akaipa siti ya dirishani. Ilikuwa imefungwa kanga mbili na kuvishwa kilemba ili vumbi lisiingie. Kondakta alipofika akaisogezea uso.

"Shikamoo, bibi." Akasubiri. "Huyu haitikii?"

"Amechoka," nikasema. "Tunampeleka Bunda kwa wataalamu."

"Anaumwa nini?"

"Macho."

Kondakta akampa pole, akatuambia tufungue dirisha apate hewa. Babu alitazama nje mpaka tukapita Makutano, mabega yakitetemeka. Mimi nilikuwa na haraka, hata miti ya barabarani niliiona inakimbia. Kila tuliposimama kushusha mzigo niliteremka, nikapanda, nikateremka, hadi kondakta akaniuliza kama nami ni mgonjwa.

Bunda. Mzee Mafuru anakaa nyuma ya mji, kwenye nyumba yenye magunia ya pamba hadi sebuleni. Zamani yeye na babu walifanya kazi studio moja, na walichobakiza kutoka enzi hizo ni ubishi.

"Karibu, Magesa. Stendi yangu umeileta?"

"Stendi gani?"

"Hiyo ya miguu mitatu. Uliiazima wiki moja, ukaoa, ukazaa, ukajukuu."

"Hii ni yangu."

"Geuza mguu, soma jina lililochongwa."

Babu hakugeuza mguu. Tukaletewa chai na viazi vitamu, babu akaomba lenzi, Mzee Mafuru akacheka hadi akakohoa. Kuazima hapana. Kuonyesha ndiyo. Akaitoa kwenye soksi, akaiweka mezani ubavuni mwa ya kwetu, ambayo babu alishaichomoa kwenye kamera, zote zikiwa zimesimama, sehemu ya nyuma ikiangalia juu. Kweli mapacha.

Wao wakaendelea kubishana juu ya mguu. Mimi vidole havitulii, nikachomoa rula yangu ya shule, nikailaza juu ya kioo cha Mzee Mafuru. Rula ikachezacheza kama mbao za kubembea za watoto, maana kioo kimetoa tumbo nje. Nikaihamishia kwenye ya kwetu. Ikalala karibu bapa. Nikarudia. Ile ya Mafuru ilikuwa na tumbo nje. Ya kwetu, tumbo limeelekea ndani. Kioo hakikuwa kimezeeka hata kidogo. Babu alikiosha akakirudisha kinyumenyume.

Hapo ndipo ningesema kama mtu mzima. Lakini mdomo wangu una njia moja tu.

"Mume wangu," nikasema, "lenzi yako imevaa shati ndani nje, kama wewe ile Pasaka."

Mzee Mafuru akapiga meza. Mke wake akacheka kutoka jikoni. Babu naye akacheka, akafuta machozi. "Unaona niliyemuoa? Hana adabu kabisa." Akaifunga lenzi kwenye kitambaa, na habari ikaishia hapo.

Kiabakari, mchana. Tulishuka kusubiri gari la Butiama, nikajaribu tena. Nikamwambia kioo kimempa mgongo Bibi Wakuru kwa sababu kinamwogopa. Akacheka. Nikamwambia lenzi imelala kifudifudi, ina tumbo la kuhara. Akacheka zaidi, akaninunulia muwa. Nilitafuna ule muwa bila kusikia utamu wake. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na kila kilipotoka kinywani kilikuwa mzaha. Nikazunguka kibanda cha muuza muwa mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Butiama, jioni. Nyumba ya Bibi Wakuru imeegemea mawe makubwa, mbuzi wanalala juu yake kama walinzi. Tulimpelekea furu wakavu, vile visamaki vya ziwani, kutoka Mwigobero ya Musoma. Akanipokea begi.

"Wifi yangu, karibu. Huyu kaka yangu anakulisha kweli? Mbona una miguu ya korongo?"

"Ananilisha ahadi, wifi."

"Amenilisha hizo tangu utoto."

Kisha akatuonyesha gauni alilochagua, la bluu, limepigwa pasi likatundikwa ukutani peke yake. Akashika mkono wa gauni. "Nikilala pale mbele ya watu, nataka waone mtu," akasema. "Wasione mshtakiwa." Hakuwa anatania.

Asubuhi, uani. Bibi akakaa kwenye kiti, masikio yake yale marefu ya kutogwa zamani yametulia, mikono magotini. Babu akaingia chini ya kitambaa cheusi. Kioo cha nyuma ya kamera kinaonyesha mtu kichwa chini miguu juu, na fundi anasogeza koromeo mbele na nyuma mpaka sura ikae. Babu akasogeza. Akasogeza tena. Tulimwona mgongo tu, na mgongo ulikuwa hauridhiki.

"Magesa, umefia humo?" Bibi akauliza. "Jua linapanda, nitakunja uso."

Babu akatoka, jasho limemjaa. Mkononi alishika kasha la karatasi, akalisukuma mahali pake. Nikaona anakwenda kupiga hivyohivyo.

"Babu," nikasema.

Nilimwita babu. Akageuka haraka, maana sijamwitaga hivyo miaka.

"Kioo cha mwisho kimegeuka. Cha Mzee Mafuru kina tumbo nje, cha kwetu ndani. Nilipima na rula."

Akaningoja nimalizie na kichekesho. Hakikuja. Mbuzi mmoja akapiga chafya juu ya jiwe, na hata hilo nililiacha lipite.

"Ulichosema Bunda kilikuwa hiki?"

"Ndiyo."

"Na Kiabakari?"

"Ndiyo, babu."

Alitazama lenzi, akamtazama dada yake. Najua ilimuuma. Kuifungua pale uani ilikuwa ni kukiri mbele ya mtu yuleyule aliyewahi kumkata kichwa kwenye picha.

"Dada," akasema, "nipe muda kidogo. Nilikosea."

"Kidogo," Bibi akasema. "Mgongo wangu si wa mbao."

Tukatandika shuka jeupe mezani. Babu akalegeza pete, akatoa kioo kwa ncha za vidole, akanipa. Nikakigeuza. Nikapumulia, nikafuta kwa pamba kutoka katikati kwenda nje, nikakilaza mahali pake, akakaza pete. Akachomoa lile kasha la karatasi, akaniambia niingie mimi kwanza chini ya kitambaa.

Bibi Wakuru alikuwa ananing'inia kichwa chini, na niliona kila kitu: mshono wa kola, tundu la sikio, unywele mmoja mweupe uliotoka kwenye kilemba, na kichwa chote kimo.

"Amekaa," nikasema.

Babu akarudisha kasha, akavua kifuniko cha lenzi, akahesabu kimoyomoyo, akakirudisha. Tukakimbilia stoo, madirisha tumeyaziba kwa mablanketi, tochi imefungwa kitambaa chekundu. Karatasi ikaogelea kwenye beseni la dawa, na sura ikaanza kuja, ya kugeuka, kali kama imechongwa.

Tulipomwonyesha, Bibi aliishika muda mrefu. Uso wake ulikuwa umetoka mweupe kama wa mzungu, na ule unywele wake mweupe ulikuwa mweusi tii.

"Hii ndiyo yangu," akasema. "Hiyo nyingine mtajua wenyewe."

"Dada, hii ni ya kutengenezea tu."

"Magesa, ulinikata kichwa nikanyamaza. Hii sikupi."

Tukaomba kama watoto atuachie kwa muda wa kuikausha na kuipiga kwenye karatasi ya mwisho. Alisimama pembeni akiilinda. Ya pili nayo ikatoka, Bibi mwenyewe, rangi zake, anatutazama kama anatujua vizuri. Tukaondoka nayo, ile ya kwanza akabaki nayo ukutani, na nasikia anawaambia wageni ni yeye wa zamani.

Musoma, usiku huohuo. Baba alitupokea stendi. Akauliza imetokaje.

"Imetoka," babu akasema. "Kioo nilikigeuza. Mke wangu aliniambia mara tatu, nikasikia mara moja."

Baba akaangalia viatu vyake. Nadhani alikuwa anazuia kucheka.

Nilichojifunza si kuacha utani. Hiyo haitatokea, waulizeni walimu wangu. Nimejifunza kwamba utani unanifungulia mlango wa kusema lolote, ila kuna siku unafika ndani na hakuna anayejua kwamba umeingia. Siku hiyo inabidi umwite mtu kwa jina lake.

Picha ya Bibi Wakuru iko studio, kwenye fremu safi. Babu ameitundika ikiangalia ukuta, ikisubiri siku ya msiba. Wateja wakiigusa anawakemea. Ni kazi yake bora kuliko zote, na hatuna haraka ya kuigeuza.