Mama Kiberiti na Nyuki wa Kaka Yake

Wenzake walimwita Mama Kiberiti, naye aliitika bila kununa. Alisimamia kikosi cha kuchoma msitu kabla haujaungua wenyewe. Kila kiangazi kilipoanza, ardhi ikiwa bado na ubichi, walifyeka vichaka, wakapogoa matawi ya chini ya misonobari, kisha wakachoma majani makavu kidogo kidogo, pampu za maji mgongoni, ili moto mkubwa ukija usikute cha kula.

Mwaka mmoja upepo uliwageuka. Moto uliruka ukanda waliousafisha, ukashuka bondeni kwenye mizinga ya kaka yake. Walipouzima, mizinga ilikuwa majivu.

Alikwenda mwenyewe kumwambia. Alimkuta anapiga randa ubao wa mzinga mpya.

"Kaka, nimeunguza nyuki wako."

Randa ikasimama. "Wote?"

"Wa bondeni wote. Upepo uligeuka, nikachelewa kusimamisha kazi."

"Ulishindwa hata kunitumia mtu niwahamishe?"

Mama Kiberiti alikuwa amedhani moto usingefika kule, basi hakumwambia mtu.

Kaka akamnunia. Wakikutana kwa mama yao, alisalimia hadi paka, dada yake akamruka.

"Watu wazima na mvi zenu," mama aliwafokea, "mnanuniana kama watoto wa chekechea!"

Mama Kiberiti alitaka kuacha kazi. Kwa siku kadhaa hakushika moto hata wa jikoni. Mumewe ndiye aliyepika, na chai yake ilikuwa kama maji ya kusuuzia vikombe. Labda ni chai hiyo iliyomrudisha kazini. Ila sasa, kabla ya kuwasha chochote, alipita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa. Kwa kaka alibisha hodi kama kwingine.

"Nimesikia," kaka alijibu dirishani, akafunga pazia.

Kisha ukaja ukame mkali, na moto ukazuka ng'ambo ya kilima. Ulikula msitu wa juu wote, miali ikipita vilele vya miti. Ulipofika walikochoma mapema, ukaishiwa nguvu, ukatambaa chini kwa chini. Hapo kikosi kikaukabili. Katikati ya moshi akatokea mtu aliyevaa wavu wa nyuki usoni, pampu mgongoni.

"Nisimame wapi?"

"Kushoto kwangu, Kaka."

Walipigana nao hadi alasiri. Nyumba zilipona.

Baadaye walikaa kwenye ngazi ya lori la kikosi, wanakohoa, wanapokezana chupa ya maji.

"Ile ya nyuki bado inaniuma," kaka alisema.

"Najua."

"Mwakani ukitaka kuchoma bonde, niambie mapema tuhamishe mizinga. Na utabeba wewe."

"Wataniuma, Kaka!"

"Waache wakuume kidogo."

Mama Kiberiti alicheka, halafu machozi yakamtoka, akasingizia moshi.