Mazoezi yangu ya asubuhi Waberi

Leo nimejua kwamba Garissa mtu mwenye kitambi haruhusiwi kutembea kwa miguu!

Juzi daktari aliniambia nipunguze tumbo, nitembee kila asubuhi. Sawa.

Sijatoka hata mtaani kwetu Waberi, abti wangu, ndugu wa mama, akasimamisha gari. "Subhanallah! Umeuza gari lako?"

Nikamwambia ni mazoezi. Hakuamini. Mtu mzima, na tumbo lote hili, atembee bure? Akanivuta hotelini, akaniagizia nyama ya ngamia na wali. "Kula, shida zitaisha."

Nikala (jamani, ni mjomba!), kisha nikaanza kutembea tena, nikihema.

Gari lingine likasimama. Kioo kikashuka.

Daktari mwenyewe!

"Warya, we bwana, gari imeharibika? Panda!"

Nikapanda. Nyinyi mngekataa agizo la daktari?