Mshale Uliodanganya Wakati wa Vita

Siku ya kwanza kazini nilipewa ufagio. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu tu, na posti ya umeme pale Bujumbura, kituo cha kugawa umeme mjini, ilitaka mtu wa kufagia chumba cha kadrani, zile saa za vipimo ukutani. Shefu wa wakati huo, mkubwa wa posti, mzee mkali, akanikuta nasoma namba huku nafagia. Akanipa kalamu, nikawa mwandishi wa daftari.

Alinifundisha hivi. Umeme wa laini ni mkali, hauwezi kuingia kwenye kadrani. Nje kuna transfo ya kipimo inayoupunguza mpaka mshale uweze kuusoma. Lakini transfo hiyo imetengenezwa kwa herzi hamsini, yaani umeme uende na kurudi mara hamsini kwa sekunde. Herzi zikishuka sana, chuma chake cha ndani kinashiba, inapata moto, na inapeleka volti pungufu kwenye mshale. Herzi tulizisoma kwenye kisanduku cha vijiti vya chuma, kila kimoja na namba yake: kijiti kinachotetemeka ndicho jibu. Desturi ilikuwa kuandika volti kila saa, herzi mara moja tu, asubuhi. Wakati wa amani ilitosha.

Vita ikaja. Nguzo za laini ya kutoka bwawani zikaangushwa, tukabaki na grupe, mashine ya kutoa umeme kwa mazutu, yaani dizeli. Mzee alishastaafu, akawepo shefu kijana mwenye diplomu. Kila asubuhi nilitoka Buyenzi, mtaani kwetu, kwa miguu, sijui barabara gani imefungwa, na nikifika nahesabu waliofika.

Mchana mmoja mshale wa volti ukaanguka. Laini iliyopimwa na mshale huo ililisha hospitali, na mle ndani walikuwa wanapasua watu wa risasi. Shefu akashika simu awaamuru watu wa grupe wapandishe volti. Nikatazama vijiti. Cha hamsini kimetulia, cha arobaini na sita kinacheza. Nje transfo inanguruma. Ukiipandishia volti ikiwa hivyo inaweza kupasuka na mafuta yake yawake, na nyingine hatukuwa nayo.

"Apana, Shefu. Waulize kwanza kadrani yao inasema nini."

"Mama Zuhura, we ulisoma wapi mambo ya transfo?"

"Sikusoma. Yao haipiti kwenye transfo hii. Uliza."

Kama nimekosea, mtu anakufa mezani kwa sababu yangu.

Akauliza. Wakamjibu volti zao ziko sawa tangu asubuhi, ila mashine imeelemewa, inakosa pumzi, inazunguka polepole na herzi zimeshuka. Basi dawa ilikuwa kupunguza mzigo. Shefu akaniuliza, bila kunitazama, tukate mtaa gani. Buyenzi ndiyo ilikula sana saa ile, magaraji yote yanachomelea.

"Kata kwetu," nikasema.

Akakata. Kijiti cha arobaini na nane kikaanza kucheza, kisha cha hamsini. Mshale ukapanda wenyewe.

Shefu hakuniomba msamaha. Alichukua rula, akachora safu mpya kwenye daftari: herzi, kila saa.

Sasa nimestaafu, na vijana wananiambia vipimo vinajiandika. Sawa. Lakini simu ya posti miaka ile ilifanya kazi siku moja, siku mbili imekufa. Ingekuwa imekufa siku ile, shefu angetuma mtu na amri yake bila kuuliza; ningemzuia kwa mkono? Swali hilo naenda nalo kwenye sala. Nadhani ningenyamaza. Risasi nimezisahau, hilo sijalisahau.