Trampolini ya Kuku wa Masanze

Mpwa wangu alivunjika mkono nikiwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake, naangalia simu. Alikuwa anaruka kutoka kitandani kwenda kwenye godoro lililokuwa sakafuni. Ana miaka sita. Plasta ya POP ilipotolewa, mkono ulitoka mwembamba kuliko mwenzake, na alipofika nyumbani Mikumi kitu cha kwanza alichofanya ni kupanda tena kitandani. Dada yangu akasema kama ni lazima huyu mtoto aruke, basi atafutiwe kitu kilichotengenezwa kwa kurukia. Kuchagua nikaachiwa mimi. Nina digrii, sina ajira, na lile godoro hakuna aliyelitaja.

Nilisoma habari za trampolini wiki mbili. Springi zifunikwe kwa sponji. Wavu uzunguke pande zote na zipu ifunge mpaka chini. Watoto waingie mmoja mmoja. Shemeji, mume wa dada, alinisikiliza mezani hadi akaweka kijiko chini.

"Mtaalamu, tunanunua kitu cha kurukia au tunanunua ndege?"

Kisha akakumbuka kwamba kaka yake mkubwa, kule Masanze, anayo moja. Aliichukua kwenye hoteli fulani ya watalii hapa Mikumi walipoleta mpya. Angetupa bure, na kitu cha bure kutoka kwa mkubwa hakikaguliwi. Hilo lilinikosesha usingizi.

Jumapili tukaenda kwa pikapu, shemeji, mimi na mtoto katikati. Harufu ilitupokea kabla ya mwenyeji. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akatupeleka nyuma ya nyumba. Trampolini ilikuwepo, kubwa, imesimama kwa miguu yote. Alikuwa ameifanya banda la kuku.

"Nimewatoa jana," mzee alisema. "Tumeiosha kwa Omo, maji ndoo sita."

Kuku walikuwa pembeni wanatutazama kama wapangaji waliofukuzwa. Turubai la kurukia lilikuwa limelowa, na chini ya harufu ya sabuni kulikuwa na ile nyingine, kali, ya kuingia kooni na kukaa. Manyoya yalikuwa yamenasa kwenye wavu. Sponji za springi zilikuwa zimedonolewa hadi zimebaki vipande, na kila kipande kimeloa kitu nisichotaka kukijua. Nilimeza mate, nikajuta kuyameza.

"Unaona huo wavu?" mzee aliniambia. "Miaka miwili, kicheche hajaingia. Sasa kama kicheche hakuingia, mtoto atatokaje?"

Shemeji akacheka. Lazima niseme ilikuwa hoja nzuri. Mtoto naye alishavua ndala, ameshika bomba la fremu, anasubiri.

"Baba mkubwa, nipande?"

"Panda, mama."

"Subiri," nilisema. "Kuna uchafu pale."

Sikuwa nimeona hatari yoyote. Nilichokiona ni mshono unaozunguka turubai, pale springi zinaposhika, umejaa mavi ya kuku yaliyokauka, meupe na kijani, yamegandamana kama saruji. Omo haikuyafikia. Niliona akilini mguu mdogo wa mtoto ukikanyaga pale, halafu vidole vikienda mdomoni. Nikaokota kijiti nikaanza kukwangua.

"Msomi anatafuta dhahabu," mzee alisema.

"Mwache kaka, ndivyo alivyo," shemeji akajibu. "Hata yai analinusa kabla ya kulimenya."

Yalibanduka vipande vipande, na vumbi lake likaniingia puani. Niliendelea. Kila kipande kilitoka na nyuzi. Mwanzoni nilidhani ni manyoya, kisha nikaona ni uzi wenyewe wa mshono, umeliwa, unakatika ukiugusa. Nilibonyeza kwa kidole. Kidole kikapita upande wa pili, kikatokea kwenye uvundo wa chini. Nikabonyeza tena pembeni, mshono ukaachia upana wa kiganja. Kilichokuwa kimeshikilia turubai lile miaka yote ni uchafu wa kuku.

Sikujua namna ya kumwambia mtu mzima kwamba zawadi yake imeoza, kwa hiyo nilibaki nimekiacha kidole palepale, nikiona haya. Shemeji alisogea, akatazama kidole changu, akatazama mkono mwembamba wa mwanawe kwenye bomba.

"Vaa ndala," alimwambia.

"Basi kuku wangu wamepona," mzee alisema, na bila kusubiri akaanza kuwaswaga warudi ndani. Mmoja akamkamata, akamfunga miguu. Kwake mgeni haondoki mikono mitupu. Alinikabidhi mimi kwa mikono miwili, nami nikampokea kwa miwili.

Kabla hatujamaliza barabara ya vumbi, yule kuku alishanichafua suruali hadi gotini kwa mavi ya moto yanayopenya. Nilikaa kama mti. Shemeji alishusha kioo chake.

"Mjomba, unanuka," mtoto alisema. "Nipe mimi."

Nilimpa. Alimkumbatia kwa mikono yote miwili, ule mwembamba ukiwa juu, na hakurukaruka kwenye kiti hadi Mikumi.