Pua ya Fundi wa Hita

Fundi yule hagusi spana kabla pua yake haijamaliza kazi. Hujifungia garini, huwasha hita na kufumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Harufu ya utamutamu ni maji ya rejeta yanayovuja. Ya soksi zilizolowa ni ukungu. Mikono yake mipana kama makasia hufungua vibano vya plastiki bila kuvunja hata kimoja.

Oili, dereva wa teksi wa hapa Oulu, mji wetu wa baridi kali, alimletea gari asubuhi ya barafu ya kwanza, akiwa karibu kulia. Abiria walikuwa wakifungua madirisha kwenye baridi ile, na jana mmoja alishuka njiani.

"Kama ninayenuka ni mimi, niambie tu, fundi!"

"Wewe unanuka kahawa, dada. Huu ni mkojo wa panya."

Akachomoa chujio la hewa, akapenyeza mkono hadi kwenye feni, akatoa kiota cha manyoya na karatasi. Ndani mlikuwa na vitoto vyekundu, vinapumua.

"Vitupe!" Oili alipiga kelele.

"Kwenye baridi hii? Una roho wewe?"

Akavua kofia yake ya sufu, akavilaza humo, akaiweka kwenye kona ya gereji, karibu na matairi mabovu. Kisha akasafisha feni, kipara wazi, akipiga miluzi. Hita ilipowashwa, Oili alivuta pumzi ndefu akacheka.

Mara panya mama akachungulia kati ya matairi, akabeba kitoto cha kwanza mdomoni. Mteja aliyesubiri nje akapiga honi.

"Tulia, bwana!" fundi akatoa kichwa mlangoni, akamnong'oneza kwa ukali. "Watu wanahama!"