Alama Zote za Kiarabu

Katika mtihani wa mwisho wa Kiarabu nilipata alama zote, na kuomba maji kwa Kiarabu sikujua. Cheti chake ninacho mpaka leo, kiko ndani ya fremu, sebuleni kwangu Kyebando, hapa Kampala.

Mliosoma madrasa enzi zetu hamtashangaa. Yetu ilikuwa Kisenyi, chumba kimoja nyuma ya gereji. Tulifika alasiri tukitoka shule, miguu imejaa vumbi jekundu la kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, midomo inang'aa mafuta ya kabalagala, vile vitumbua vya ndizi. Dirishani iliingia harufu ya oili chafu na kelele za nyundo za mafundi, nasi tulishindana nazo kwa sauti. Kitabu cha Kiarabu kilikuwa kimoja, cha Sheikh Abasi mwenyewe. Alisoma mstari, tukaitika. Akausoma tena, tukaitika, mpaka mstari ukaingia kichwani kama wimbo. Baba, askari polisi, aliponipeleka siku ya kwanza alisema maneno mawili tu: "Sheikhe, nyama yako, mifupa yangu." Nikajua sina pa kukimbilia.

Mtihani ulifanyika siku ya Maulidi, mbele ya wazazi. Mzee mmoja, mgeni aliyealikwa, alifungua kitabu popote, akasoma nusu mstari, na mtoto akamalizia mpaka mwisho wa ukurasa. Maana haikuulizwa.

Mimi nilimalizia kweli. Nilifumba macho, nikasoma habari ya mkulima na ng'ombe wake, kisha bila kupumua nikaendelea na yaliyoandikwa chini yake, kwa sauti ileile ya kuvuta, hadi namba ya ukurasa. Kina mama walifuta machozi. Miaka mingi baadaye binti yangu, aliyejifunza Kiarabu cha kuongea, alinisikia nikiusoma ukurasa ule jikoni, akaniuliza, "Baba, mbona unaimba 'jibu maswali yafuatayo'?"

Aliyenifuata siku ile alikuwa Zaituni, msichana wa Kinubi, kitukuu wa askari walioletwa kutoka Sudani zamani za wakoloni. Nyumbani kwao walisema Kinubi, lugha iliyozaliwa na Kiarabu. Alikwama mstari wa pili. Mgeni, kwa huruma, akafunga kitabu, akamuuliza kwa Kiarabu amekula nini asubuhi. Katika watoto wote mle, yeye peke yake ndiye aliyeelewa. Alijibu hapohapo kwa Kinubi kwamba amekunywa chai na mkate wa gurusa, kisha akamuuliza mzee kama yeye amekula.

Watu wakacheka. Sheikh Abasi akasema, "Hicho Kiarabu cha jikoni, binti. Kaa chini." Hakupewa alama hata moja. Mimi nilicheka kuliko wote, cheti kikiwa mkononi. Kesho yake mkeka wake ulibaki mtupu. Mama yake alipita mlangoni kuchukua viatu alivyosahau, akasema bila kumtazama mtu, "Kama ni kucheka, mcheke bila mtoto wangu."

Siku hizi madrasa ina meza, na watoto wanasomea kwenye simu, waya masikioni. Wanapimwa kwa kuongea: jitambulishe, eleza njia ya kwenda sokoni. Mwambie mmoja akariri mistari mitatu, atakutazama kama umemtuma maji kisimani. Namba ya mama yake mwenyewe haijui bila simu. Mimi ukurasa wangu ninao wote, neno kwa neno, na nikiusoma ninasikia nyundo za gereji na sauti ya Sheikh Abasi, Mungu amrehemu. Sijui watoto hawa watabaki na sauti gani wakizeeka. Lakini wanajua kuomba maji.

Nayasema haya kwa sababu madrasa yetu inatafuta mwalimu wa Kiarabu wa wanaoanza, na mimi, kwa ajili ya kile cheti, nimo kwenye kamati. Zaituni ameomba. Anauza vitenge Kisenyi, wateja wake wengi Wasudani, na watoto wanaoshinda dukani kwake wanaongea Kiarabu bila kukwama. Ualimu huu ndio kazi anayoitaka tangu mumewe afariki. Wenzangu wanasema asiye na cheti hafai.

"Wewe ndiye msomi hapa, Hajji," mwenyekiti aliniambia. "Mlisoma pamoja. Useme wewe, sisi tufuate."

Nimeisoma barua yake mara nyingi. Penye nafasi ya cheti ameandika kwa mkono: "Mtihani nilifanya. Shahidi yuko kwenye kamati yenu."

Tunakaa Ijumaa baada ya sala. Wenzangu bado hawajui cheti changu kilipima nini.