Fyuzi na Mpini wa Ufagio

Mtaani walimwita Fyuzi. Alikuwa fundi umeme, ndiyo, lakini jina halikutoka huko tu. Akiudhika hukatika papo hapo, kimya, na hawaki tena mpaka mkewe amletee chai. Nyumba nyingi za mtaa ule zilipitishwa nyaya kwa mikono yake, na ukimuuliza habari za umeme tafuta kiti kwanza, maana jibu lake halikuwa fupi.

Basi moyo wa bwana huyu ukaanza vituko. Unakwenda vizuri, mara unakurupuka na kupiga mbio ovyo, naye anaanguka kama gunia. Safari moja alizimia akiwa juu ya ngazi kazini. Bahati yake alikuwa kwenye kipandio cha chini. Hospitali wakampasua kidogo chini ya mfupa wa mtulinga wa kushoto, wakapachika kifaa chenye waya unaoingia moyoni. Muuguzi akamweleza kwamba kifaa kile kinausikiliza moyo muda wote, na ukichachamaa kinaupiga shoti ya umeme ili uanze upya kwa utaratibu.

"Una swali, baba?"

Fyuzi akatabasamu tu. Yeye, aulize swali la umeme?

Na swali alikuwa nalo, tena limemkaa kooni. Kazini kwao sheria ya kwanza ni kwamba aliyenaswa na umeme haguswi. Unazima kwanza, ukishindwa, unamsukuma kwa mti mkavu. Ujanani alimwona fundi mwenzake akimrukia rafiki aliyenaswa, na wakazikwa wote wawili. Sasa umeme uko kifuani mwake, na swichi hakuna. Je, ukipiga mkewe akiwa amemshika?

Hakuuliza. Alirudi nyumbani akatoa amri. Yeye akahamia kwenye kochi la sebuleni. Mkewe akanunuliwa ndala nene za mpira, marufuku kutembea peku ndani. Kisha akauchomoa mpini wa ufagio na kuuegemeza kando ya mlango.

"Nikianguka usinishike. Nisukume na huo, halafu ita watu."

"Nikusukume wewe? Kwa mpini wa ufagio?"

"Mti mkavu haupitishi umeme, mke wangu."

"Na mimi nitafagia na nini? Kope?"

Siku ile mkewe alicheka. Baadaye kicheko kikamwisha. Kikombe cha chai akawa anakiweka mezani, si mkononi. Akinyoosha mkono amtengeneze kola, mzee anaruka nyuma kama kaona nyoka. Mwanamke akaanza kufikiri kwamba mumewe amemchoka na ugonjwa ni kisingizio tu. Hakumwambia mtu. Alilia jikoni na kuvisingizia vitunguu. Na kule kochini Fyuzi alikuwa na hamu naye kupita kiasi. Aliogopa kufa, lakini alichoogopa zaidi ni kumuua.

Adhuhuri moja walikuwa wanakunja shuka, mke kashika pembe zake na mume zake. Ndiyo kazi pekee waliyobaki kuifanya pamoja, kwa kuwa shuka lilikaa katikati. Ghafla Fyuzi akausikia moyo unakurupuka.

"Achia! Toka! Usiniguse!"

Mkewe akautupia jicho ule mpini. Kisha akalikanyaga shuka, ndala zikabaki nyuma, akamkumbatia mzima mzima.

Shoti ikapiga. Fyuzi akaona kama punda kamtandika teke kifuani. Miguu ikalegea, wakashuka sakafuni wote wawili. Moyo ukatulia. Alipopata pumzi, alianza kumkagua mkewe macho, vidole, na ile miguu mitupu.

"Umepigwa?"

"Nimepigwa. Na kiwiko chako, hapa mbavuni."

"Umeme, nauliza!"

"Kuna kitu kimenitekenya mikononi. Basi."

Walikwenda hospitali mchana ule ule. Muuguzi akakipima kifaa, akasema kimefanya kazi yake barabara. Hatimaye Fyuzi akauliza swali lake.

"Hapana, baba, hadhuriki," muuguzi akajibu. "Shoti ni ndogo na inaishia ndani yako. Aliyekushika labda atasikia mtekenyo tu. Mbona hukuuliza siku ile?"

"Angeuliza vipi," mkewe akadakia, "na fundi ni yeye?"

Walitoka nje. Wakati mwingine Fyuzi angekatika hapo hapo, lakini leo alikuwa na jambo linamkereketa. Akasimama kando ya barabara.

"Wewe hukujua kama ni salama. Na mpini uliuona."

"Niliuona."

"Sasa mbona hukuuchukua?"

Mkewe akatazama magari yakipita.

"Nilikuwa nimechoka kukushika kwa mbali."

Fyuzi alilia pale pale, mbele za watu, bila kitunguu cha kusingizia. Kisha akamshika mkono, na hakuuachia mpaka wakafika mlangoni na ikabidi atafute ufunguo.